Dar es Salaam ya Zamani kwa Picha na Michoro: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapobandika picha ya Dar es Salaam ya enzi za Sultani au za Mjerumani, maswali ni yale yale. Ya mwaka gani? Hapa siku hizi ni wapi? Naipataje? Na yule anayesema babu yake ameacha sanduku zima uvunguni, afanye nini nalo? Tumeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa swali lenyewe ni zito, mengine tumeyamaliza kwa mistari michache.

Mnashughulika na kipindi gani hasa?

Kuanzia katikati ya miaka ya 1860 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake hapa karibu 1865, jirani na Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo kilichokuwepo kabla yake. Akafariki 1870, na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu na mradi huo, hivyo majengo mengi yakaachwa yaote magugu. Kampuni ya Kijerumani ikaingia 1887. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa, na Septemba 1916 Waingereza wakauteka mji. Baada ya 1930 hivi kamera zinakuwa nyingi, na kazi inageuka kuwa nyingine kabisa.

Ile picha inayozunguka mitandaoni ikiitwa "Mzizima 1850" ni ya kweli?

Hapana. Miongoni mwa picha za mwanzo za pwani yetu ni zile za Zanzibar: James Grant alipiga huko 1860 akiwa safarini na mpelelezi Speke, na John Kirk wa ubalozi wa Uingereza aliendelea baada ya kufika kisiwani 1866. Ukiona picha ya "Mzizima 1850" yenye minazi, vibanda na mtu wa kanzu aliyesimama wima akitazama kamera, mara nyingi ni kadi ya posta ya baada ya 1900 iliyobadilishwa jina. Habari za Mzizima tunazipata kwenye maandishi ya wasafiri, kwenye masimulizi ya wenyeji, na kwenye michoro.

Michoro ina faida gani iwapo picha zipo?

Kwa miaka ya Majid na ile ya magofu iliyofuata, michoro ndiyo inayobeba mzigo. Ila haina uzito sawa.

Ya kuaminika zaidi ni ramani za baharini. Manowari za upimaji za Waingereza zilikuwa na watu waliofunzwa kuchora mandhari ya ufuko ili nahodha aijue bandari akiwa bado mbali. Mchoraji wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kupamba. Akikosea mahali pa mnazi mkubwa au nyumba nyeupe, chombo kinapanda mwamba. Zinafuata ramani za mji na michoro ya majengo ya mafundi wa Kijerumani, ambayo inakupa hata unene wa kuta.

Ya kutilia shaka ni michoro ya vitabuni na magazetini. Msafiri alichora kwa penseli akiwa huku, karatasi ikasafiri hadi Ulaya, na fundi wa kuchonga ambaye hajawahi kuiona pwani hii akaichonga upya kwenye ubao ili ichapwe. Humo ndimo milima inapoota nyuma ya Magogoni! Wakati mwingine fundi alisahau kugeuza, mchoro ukachapwa kinyume. Kuutambua ni rahisi kwa anayeijua bandari yetu: ukiingia kutoka baharini, Kigamboni iko kushoto kwako na mji uko kulia. Mchoro ukikuonyesha mji kushoto wakati chombo kinaingia, umegeuzwa.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa picha. Bamba la kioo, yaani negativu ya zamani, likiwekwa upande usio wake, picha inatoka kinyume. Tazama maandishi ya madukani kwanza, ndipo uhangaike na mengine.

Nani walikuwa wanapiga picha hizi?

Watu wanadhani ni Wazungu peke yao. Duka la A. C. Gomes, Mgoa wa Zanzibar, lilikuwa miongoni mwa studio za mwanzo kabisa za pwani hii, na jina hilo lilifika Dar es Salaam pia. C. Vincenti alikuwa na studio hapa mjini, na kadi zake za posta ndizo nyingi kupita zote katika mikusanyo ya watu binafsi. Walther Dobbertin, Mjerumani, alifanya kazi katika koloni kuanzia 1906 hivi, na mabamba yake ni safi mno: unaweza kuhesabu vishikizo vya koti la askari. Juu ya hao kulikuwa na wamisionari, madaktari na maofisa waliopiga kwa ajili ya ripoti au kwa ajili ya mama zao kule nyumbani.

Kila mmoja alikuwa na mteja wake. Vincenti alimuuzia Mzungu anayetaka kuonyesha ndugu zake kwamba anaishi mahali pastaarabu, ndiyo maana kadi zimejaa barabara pana, makanisa, hospitali na hoteli. Mitaa ya Wahindi inaonekana kwa nadra, na maeneo ya Waafrika yanaonekana kwa mbali, au kama "kibanda" kimoja kilichochaguliwa. Kanuni ya ujenzi ya 1891 ilishaanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba. Kamera ikafuata mgawanyo huo huo, na mpaka leo ukitafuta picha za mji huu utapata makanisa mawili mara mia kabla hujapata uchochoro mmoja wa nyumba za makuti.

Picha zenyewe ziko wapi?

Nyingi ziko nje. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza hazina ya picha ya iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, makumi ya maelfu, na zinaonekana mtandaoni. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ina za Dobbertin. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Za Waingereza ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, fungu la CO 1069. Kwa picha za wamisionari, tafuta katika hazina ya pamoja iliyowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California.

Ukitafuta, usiandike "Dar es Salaam" pekee. Mjerumani aliandika "Daressalam", koloni aliiita "Deutsch-Ostafrika" na Zanzibar "Sansibar". Tumeona watu wakikata tamaa kwa kukosa tahajia hii tu.

Hapa nyumbani kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Upanga, Makumbusho ya Taifa Mtaa wa Shaaban Robert, na sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upanga nenda kwa ajili ya mafaili hata kama ulifuata picha. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyopo pale yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na ndani yake kuna barua na michoro ya majengo inayoweza kukwambia jengo la kwenye picha yako lilianza lini. Ubaya ni kwamba mengi yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani wa zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Beba barua ya utambulisho, na uulize taratibu kabla hujafunga safari.

Nawezaje kujua picha ni ya mwaka gani?

Hili ndilo swali tunalolipenda. Anza na kisichoweza kukudanganya.

Kama ni kadi ya posta, igeuze. Kabla ya 1905 mgongo wa kadi za Kijerumani ulikuwa wa anwani tu, na mtu alibana salamu zake upande wa mbele, pembeni mwa picha. Kuanzia 1905 mgongo umegawanywa: nusu anwani, nusu salamu. Stempu nayo inasema. Thamani ikiandikwa kwa "pesa", sarafu ndogo ya rupia ya wakati huo, ni kabla ya heller, sarafu iliyochukua nafasi yake, kuingia, yaani kabla ya 1905. Stempu iliyogongwa herufi G.E.A. ni ya Waingereza baada ya kuuteka mji, na yenye twiga na jina Tanganyika ni ya kuanzia 1922. Lakini kumbuka, stempu inakwambia kadi ilitumwa lini. Picha yenyewe huenda ilipigwa miaka kumi nyuma, kwani wenye maduka waliendelea kuuza kadi ile ile hadi ilipokwisha.

Halafu ingia ndani ya picha. Minara ya makanisa ya Mtakatifu Yosefu na Azania Front ilijengwa miaka ya mwisho ya 1890 na kukamilika karibu 1902, kwa hiyo mandhari ya bandari isiyo na mnara hata mmoja ni ya kabla ya hapo, na yenye jukwaa la mafundi ni ya katikati. Ujenzi wa reli ulianza 1905, na ukafika Morogoro 1907. Umeme uliwaka mjini 1908. Hapa angalia usije ukateleza: nguzo za telegrafu zilitangulia umeme, hivyo nguzo peke yake si ushahidi. Tafuta taa ya barabarani. Jumba la gavana lililopigwa mizinga na manowari ya Waingereza mwaka 1914 lilijengwa upya 1922 kwa mtindo mwingine, na hilo jipya ndilo Ikulu tunayoijua. Ukiziona nguzo na matao yake, umevuka 1922.

Mfano mmoja. Kadi ya barabara ya ufukweni. Miti ni michanga, kila mmoja umezungushiwa kizimba cha mbao ili mbuzi wasiule. Wanaume wawili wa kanzu wanatembea, mmoja ana debe kichwani, mwingine ameshika mwavuli uliofungwa. Nyuma yao paa la Azania Front limekwisha ezekwa. Mgongo wa kadi haujagawanywa. Hivyo tupo kati ya 1902 na 1905. Vivuli ni vifupi, ni saa sita hivi za mchana, na vimeangukia upande wa bandari, yaani kusini. Hapa Dar jua la mchana hukaa kaskazini yetu kuanzia mapema Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba, na miezi iliyobaki hukaa kusini. Kwa hiyo kadi hiyo haikupigwa Krismasi, hata kama salamu zilizoandikwa juu yake ni za Krismasi.

Mitaa imebadilishwa majina. Niandike lipi?

Yote. Barabara iliyokuwa Acacia Avenue ikawa Independence Avenue kisha Samora. Barabara ya Azania Front, iliyolipa kanisa jina, ni Kivukoni, City Drive ni Sokoine. Andika jina la wakati wa picha, kisha la leo. Mtafutaji wa kesho hujui atakuja na lipi.

Majengo gani bado yapo ya kulinganisha na picha?

Boma la Kale kwenye Barabara ya Sokoine, mkabala na boti za Zanzibar, ni la wakati wa Majid: kuta nene za matumbawe, boriti za mikoko na mlango wa kuchongwa. Leo ndani yake kuna DARCH, kituo cha urithi wa usanifu wa mji, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Jirani yake kuna Atiman House, nayo ya Majid, iliyokuja kuitwa kwa jina la Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema. Makanisa mawili yapo, hospitali ya Ocean Road ya 1897 ipo. Hoteli ya Kaiserhof imekwenda, na kiwanja chake kinakaliwa na ghorofa la New Africa.

Sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, usiitafute. Waingereza waliing'oa, ikapelekwa hatimaye Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Askari Monument unayoiona Samora ilizinduliwa 1927.

Kuna picha za wafungwa wa minyororo na za watu waliovuliwa nguo. Mnazifanyaje?

Zipo, na si chache. Wafungwa waliounganishwa kwa minyororo shingoni wakitengeneza barabara zile zile zinazoonekana nzuri kwenye kadi. Watu walionyongwa. Wasichana waliosimamishwa uchi mbele ya kamera kwa kisingizio cha elimu.

Za minyororo tunazionyesha, tena tunaziweka karibu na kadi za barabara, maana ni habari moja. Za walionyongwa na za wasichana hatuzisambazi. Mtafiti mwenye sababu atazikuta kwenye hifadhi. Kuna wanaotuambia kuficha ni kuisafisha historia. Tumewasikia. Lakini yule binti hakuombwa ruhusa mara ya kwanza, na wajukuu zake huenda wako kwenye simu hizi hizi.

Maelezo ya asili chini ya picha hatuyafuti hata yakiwa ya matusi. Tunayanukuu kwa lugha yake, kisha chini yake tunaandika yetu. Mpiga picha aliandika "mwanamke wa Kiswahili" pale alipotakiwa kuandika jina la mtu. Hiyo nayo ni habari kuhusu mpiga picha.

Nimerithi albamu ya zamani. Nianzie wapi?

Usianze kwa kusafisha. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji, usigundishe kwa selotepu, na tafadhali sana usipeleke ikapigwe leminesheni. Plastiki ile ikishashika haitoki, na unyevu uliofungiwa ndani unaendelea na kazi yake.

Piga kwanza picha ya albamu nzima, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujatoa hata picha moja. Mpangilio ni ushahidi: aliyeibandika harusi karibu na picha ya bohari alikuwa na sababu. Kama kurasa ni za gundi na karatasi ya nailoni juu, ambazo zilikuwa fasheni miaka ya 1970 na 1980, picha zitoke taratibu, na ile inayogoma iache ilipo uipige hapo hapo.

Andika mgongoni kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni. Nani, wapi, lini, nani kakwambia. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, nacho ndicho kinachotofautisha ushahidi na uvumi.

Adui wetu wa pwani ni unyevu na ukungu wa fangasi. Weka picha kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi ukizipata, au karatasi nyeupe ya kawaida kuliko mfuko wa plastiki. Sanduku likae kabatini, juu, mbali na ukuta wa nje na mbali na paa la bati. Negativu za filamu zikianza kunuka siki, zitenge na nyingine mara moja na uziskani mapema. Zimeanza kuoza, na zinaozesha jirani zake. Mabamba ya kioo yasimamishwe kwa ubavu. Usiyalaze moja juu ya jingine.

Simu inatosha, au lazima skana?

Skana ya kulaza ni bora. Picha ya karatasi iskani kwa nukta 600 kwa inchi, negativu ndogo kwa 2,400 au zaidi, na uhifadhi nakala mama kwa TIFF, faili isiyopunguza ubora wa picha. Za kutumiana ndizo ziwe JPEG. Skani na mgongo wa picha pia.

Kama huna skana, simu inafaa kuliko kungoja. Simama karibu na dirisha pasipo jua la moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. Na usitutumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itume kama dokyumenti, la sivyo programu inaiminya hadi sura zinapotea.

Mbona hamzipaki rangi? Siku hizi programu inafanya kwa sekunde.

Kwa sababu programu haijui kanga ile ilikuwa ya rangi gani, inabuni. Inayonoa sura ni mbaya zaidi: inampa mtu macho na meno ambayo si yake, na mjukuu anamlilia bibi wa kubuni. Ukitaka kujifurahisha fanya, lakini iandike wazi juu ya picha yenyewe, na usiiweke faili moja na nakala mama.

Picha za zamani si za kila mtu?

Si zote. Kumiliki karatasi si kumiliki haki. Dobbertin alifariki 1961, na sheria ya Ujerumani inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo za kwake ziko chini ya ulinzi huo hadi mwisho wa 2031. Bahati ni kwamba Desemba 2008 Bundesarchiv ilitoa karibu picha 100,000 kwa Wikimedia Commons kwa leseni huria, zikiwemo nyingi za Dobbertin, zenye namba inayoanza na 105-DOA. Sharti ni kutaja mpiga picha, hifadhi, namba na leseni. Ni mstari mmoja tu, na bado watu wanaukata na kugonga nembo zao juu.

Kwa nini kuhangaika na picha za mkoloni, alizozipiga kujisifia?

Kwa sababu alichokikusudia sicho pekee kilichoingia kwenye fremu. Alilenga jengo la soko alilolijenga Kariakoo kumtukuza mfalme wake, vita vikaingia, Waingereza wakalitumia kwa wapagazi wao, na halikuwa soko hadi 1923. Ukiitazama picha ya mahali pale unaona nani anauza nini, mzigo unabebwaje, nani kavaa viatu. Hayo hakuna aliyeyapanga.

Na upande wa pili usiegemee kwake tu. Zipo picha za studio za Wagoa na Wahindi ambazo Waafrika walijilipia wenyewe, wakavaa walivyotaka na kusimama walivyotaka. Hizo haziko Frankfurt. Ziko kwenye masanduku ya Ilala, Magomeni na Temeke, na ndizo tunazozitafuta kuliko zote.

Bibi yangu amemtambua mtu kwenye picha. Tunathibitishaje?

Mrekodi kwa sauti, kwa idhini yake, na usimtajie jina wewe kwanza. Ukimuuliza "Huyu si mzee fulani?" atakubali ili usione haya. Mwambie tu, "Bibi, hapa unaona nini?" kisha nyamaza. Mara nyingi ataanza na nyumba au mti, au nani alikuwa anauza maji pale, na mtu atakuja baadaye. Mwonyeshe mwingine wa rika lake, kando, bila kumwambia alichosema wa kwanza. Wakitofautiana, andika majina yote mawili na aliyetaja kila moja, kisha ututumie rekodi pamoja na picha.